Daftari la hesabu katika kipindi cha ushairi: linafaa kiasi gani kwa watoto wa shule ya msingi?

Daftari la miraba, lile linalouzwa kwa ajili ya hesabu, linafundisha tarbia, yaani shairi lenye mishororo (mistari) minne kila ubeti, kuliko kifaa kingine chochote cha bei yake, ingawa aliyelitengeneza hakuwa na nia hiyo. Tumelipima kwa kazi moja tu: kumwezesha mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja apange ubeti, aandike rasimu, na aone mwenyewe palipoharibika kabla mwalimu hajafika kwenye dawati lake. Kando yake tumeweka daftari la kawaida la mistari na zile karatasi za kujaza ambazo walimu wengi huzichapa kutoka intaneti.

Sababu ya ubora wake ni nyepesi. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, kila mshororo una ukwapi (nusu ya kwanza) wa mizani, yaani silabi, nane na utao (nusu ya pili) wa mizani nane, jumla mizani 64. Mtoto akiandika kwenye mistari, anajaza mstari mpaka mwisho, kisha anarudi kuhesabu kwa vidole, anasahau yuko wapi, anaanza tena, na hatimaye anaamua tu kwamba zimetimia. Kwenye miraba, silabi moja inakaa ndani ya mraba mmoja. Miraba 1 hadi 8 ni ukwapi, mraba wa 9 unapakwa rangi na hauandikwi kitu, miraba 10 hadi 17 ni utao. Mshororo wenye mizani 15 unaonekana kwa pengo, wenye 17 unaonekana kwa silabi iliyokosa makao. Na vina, zile silabi za mwisho zinazofanana, navyo vinajitokeza: safu ya 8 na safu ya 17, ukizisoma kutoka juu kwenda chini, lazima ziwe na herufi zilezile mara nne. Mtoto ambaye hajaelewa kina ni nini hata baada ya kuelezwa kwa wiki nzima hukielewa akiona -ni, -ni, -ni, -ni zimesimama wima.

Ukifika dukani, usiulize tu kama lipo la miraba. Yapo ya milimita 5, ya 7 na ya 10, na tofauti hizo ndizo zinazoamua kama kazi itakwenda. Ya milimita 5 iache kabisa. Silabi kama -nywe- au -shwa haiingii kwa mwandiko wa mtoto, ataibana, na akishazoea kubana hutamwamini tena. Ya milimita 10 ndiyo ya kuanzia. Tatizo ni kwamba ukurasa wa A5 una upana wa milimita 148, yaani miraba 14 tu, na sisi tunahitaji 17. Jawabu ni kulilaza daftari. Ukiligeuza likae kwa ubavu, unapata urefu wa milimita 210, miraba 21 ikiwa imechapwa mpaka ukingoni, pungufu kidogo ikiwa haikufika. Kabla ya kulipia, hesabu miraba ya upande mrefu kwa kidole. Ikifika 17, chukua. Ya milimita 7 inafaa kwa darasa la sita na la saba ambao mwandiko wao umeshatulia. Hiyo ikilazwa inakupa miraba ipatayo 30 na beti mbili zinaingia kwenye ukurasa mmoja.

Kulilaza kuna faida nyingine ambayo hatukuitarajia kwenye kitu cha bei hii. Daftari lililofunguliwa na kulazwa linatoa kurasa mbili, mmoja juu na mmoja chini, kama kalenda ya ukutani. Ukurasa wa juu unakuwa wa mpango, wa chini wa rasimu. Mtoto anayaona maneno yake yote huku akiandika, bila kufunua mbele na nyuma. Ule mstari mwekundu wa pambizo, ambao kwenye matumizi ya kawaida unakula miraba kadhaa ya kushoto, sasa unakwenda juu au chini na hausumbui mtu.

Mpango ndio sehemu ambayo walimu wengi huiruka, na ndiyo inayoamua kila kitu. Mtoto asiyepanga huanza na mshororo wa kwanza, akafurahi nao, akafika kwenye wa pili na kugundua kwamba neno aliloishia, tuseme "kasha", halina wenzake anaowajua zaidi ya "washa" na "pasha". Hapo anakata tamaa au anaanza kubuni maneno. Kwa hiyo mpango huanza na vina, wala si na wazo zuri. Kwa ubeti wa kwanza mwalimu mwenyewe achague. Kina cha kati kiwe -ni, kwa sababu karibu kila jina la mahali au la kitu hukipata ukiliongezea: jikoni, kabatini, mlangoni, uvunguni. Kina cha mwisho kiwe -ka, maana vitenzi vyake havihesabiki: waka, ruka, cheka, amka, anguka, pindika, papatika. Kina cha -ngu kinavutia lakini ni mtego. Watoto hukimbilia langu, wangu, changu na zangu, na ubeti unageuka orodha ya mali.

Kwenye ukurasa wa juu mtoto aandike maneno sita kwa kila kina, ingawa atatumia manne. Na hapa kuna hatua ambayo usipoifanya, miraba yote inapoteza nusu ya thamani yake: maneno hayo yaandikwe yakiegemea kulia. "Jikoni" lina silabi tatu, basi likae kwenye mraba wa 6, wa 7 na wa 8. Miraba mitano ya kushoto inabaki tupu, na mtoto anajua kwamba kazi yake ni kutafuta mizani tano za kuitangulia jikoni. "Yupo paka wa" ni tano. "Yanawaka" inakaa 14 hadi 17, inabaki minne, "macho yake" inaijaza. Kutunga kumegeuka kuwa fumbo dogo lenye jibu, na watoto wanapenda mafumbo yenye majibu.

Baada ya vina, kiandikwe kibwagizo, mshororo wa nne unaorudiwa kila ubeti. Wengine wanaita kiitikio. Kikiandikwa mwisho, mara nyingi kinakuwa mabaki ya uchovu. Kikiandikwa mwanzo, mishororo mitatu mingine inajua inakoelekea. Ubeti wa kuandika ubaoni kama mfano usizidi ugumu wa huu:

Yupo paka wa jikoni, macho yake yanawaka,
Amelala uvunguni, mkia umepindika,
Panya yumo kabatini, roho inapapatika,
Paka kaa mlangoni, umdake akitoka.

Si ubeti wa kushinda tuzo. Lakini kila mshororo una jambo lake: wa kwanza unamtaja mhusika, wa pili unasema anafanya nini, wa tatu unaleta mgogoro, wa nne unatoa amri. Hilo liandikwe pembeni kwa maneno manne kabla ya rasimu: nani, anafanyaje, kuna shida gani, nini kifanyike. Utoshelevu, yaani ubeti kujitosheleza kwa maana, neno ambalo kwenye vitabu vya kiada huelezwa kwa sentensi ndefu, mtoto anaupata kwa maswali manne.

Miraba haimfundishi mtoto silabi, inamfichua asiyezijua. Makosa mengi yatatokea kwenye m na n. "Mtoto" anaandikiwa miraba miwili, m-to ikibanwa pamoja, wakati ni m-to-to, mitatu. "Mbuzi" anaandikiwa mitatu, wakati ni mbu-zi. Kisha anakuja "mbu", na darasa zima linachanganyikiwa, kwa sababu ni m-bu, mizani mbili, na m yake inasimama peke yake. Kanuni inayofanya kazi ni ya mkazo. Neno la Kiswahili hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno fupi kama mbu, mbwa, nchi, nne au nje lazima lipate silabi mbili, na ile ya kwanza ni m au n yenyewe. Kwenye mbuzi, ndizi, ngoma na nyumba mkazo unakaa kwenye mbu-, ndi-, ngo- na nyu-, hakuna haja ya m au n kujitenga. Mjomba ni m-jo-mba, ana m za aina zote mbili ndani ya neno moja, na ndiye anayefaa kuandikwa ubaoni siku ya kwanza. Maneno ya mkopo yenye konsonanti zilizogusana yahesabiwe kwa utaratibu uleule unaotumika kwenye masomo ya silabi: da-k-ta-ri nne, la-b-da tatu, a-s-ka-ri nne. Irabu mbili zilizofuatana ni mizani mbili. Ka-a, si kaa kwenye mraba mmoja.

Kipindi kizima kitumike kwa hilo kabla ya kugusa shairi. Maneno ishirini, kila moja kwenye mstari wake, makofi kwa kila mraba. Ukiharakisha hapa utalipa baadaye, kwa sababu mtoto atakuwa na ubeti unaoonekana mzuri kwenye karatasi na unaochechemea ukighaniwa.

Udanganyifu upo. Mtoto mwenye mizani tisa na miraba minane huweka "ana" kwenye mraba mmoja na kukutazama kana kwamba hakuna kilichotokea. Kumkagua kila mmoja haiwezekani. Wabadilishane madaftari, msomaji aweke kidole kwenye mraba na kupiga kofi kila anapohama. Makofi mawili kwenye mraba mmoja yanasikika. Kasoro nyingine ni neno linalokatwa na ule mraba wa rangi, yaani "nyumba" ikae upande wa ukwapi na "-ni" ivuke kwenda kwenye utao. Kwa hesabu mizani zimetimia, ila mshororo hauna kituo cha pumzi katikati. Mraba wa 9 ndio unaolifichua hilo, na ndiyo maana ni lazima upakwe rangi kwa penseli kabla ya kuandika, wala usiachwe mweupe.

Kuhusu kujaza pengo, watoto wana dawa yao: sana, kweli, jamani, hakika. Mizani mbili, mbili, tatu, tatu. Ruhusu moja kwa ubeti, zikizidi hapo ni maji kwenye uji. Dawa ya kweli ni kuwafundisha kwamba kitenzi cha Kiswahili kinarefuka na kufupika. Anaruka ni nne, aruka ni tatu, karuka ni tatu. Asiyechoka ni tano, asochoka ni nne. Hiyo ya mwisho ni inkisari, yaani kufupisha neno, na ruhusa ya kishairi inatakiwa iwe na mpaka kwa umri huu: moja kwa ubeti, na mtoto aweze kutaja umbo kamili akiulizwa. Akishindwa, hakufupisha, amekosea. Kugeuza mpangilio nako kunasaidia, hakubadilishi idadi bali kina. "Macho yake" inaishia -ke, "yake macho" inaishia -cho.

Rasimu iandikwe kwa kuruka mstari mmoja wa miraba baada ya kila mshororo. Kwenye miraba ya milimita 10 ukurasa uliolazwa una takribani mistari 14, ubeti unachukua minane, na nafasi za katikati ndizo za marekebisho. Mtoto asifute, achore mstari na kuandika neno jipya chini yake, mraba kwa mraba. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mwalimu anaona alivyofikiri. Ya pili ni karatasi yenyewe, na hapa daftari linapoteza alama. Madaftari mengi ya bei ya chini ni ya karatasi nyembamba, na raba ikipita mara ya tatu mahali palepale inatoboka. Wino wa kalamu unapenya upande wa pili na kuharibu ukurasa wa mpango wa ubeti unaofuata. Tumia penseli, na kama unanunua kwa ajili ya darasa zima, chukua moja kwanza, andika, futa mara tatu, ndipo uagize. Angalia pia rangi ya mistari ya miraba. Ile ya bluu iliyokolea inashindana na maandishi ya penseli mpaka mwalimu asome kwa kukisia. Iliyopauka kidogo ndiyo nzuri.

Kwa darasa la tatu na la nne tarbia ni mzigo. Wape utenzi: ubeti wa vipande vinne, mizani nane kila kimoja, jumla 32, vitatu vya kwanza vikiwa na kina kimoja na cha nne kina cha bahari kinachorudi kila ubeti. Daftari la milimita 10 halihitaji hata kulazwa, maana miraba minane inaingia kwenye upana wa 14 na inabaki sita ya kuandikia benki ya vina pembeni. Wapo wanaoanza na tathnia, mishororo miwili ya 8 na 8. Inawezekana, ila kutimiza mizani 16 kwa mara ya kwanza kunamtisha mtoto kuliko kutimiza nane mara nne.

Sasa karatasi za kujaza. Zinapendeza, zina picha, na ni bure kuzipata, gharama ni ya kuchapa. Lakini nyingi zimetengenezwa kwa Kiingereza na umbo lake halihami salama. Chukua diamante, shairi la mistari saba lililobuniwa na Iris Tiedt nchini Marekani mwaka 1969: nomino moja, vivumishi viwili, vitenzi vitatu vya umbo moja, nomino nne, kisha unarudi vitenzi vitatu, vivumishi viwili na nomino moja ya kinyume. Kwa Kiswahili vivumishi halisi ni vichache, mtoto anaishia kwenye "ya baridi" na "la moto", na mstari wa maneno mawili unakuwa wa manne. Vitenzi navyo vinabeba kiambishi cha ngeli: ukianza na jua ni linawaka, ukimalizia na mvua ni inanyesha, na katikati ya mstari wa nne, pale shairi linapogeuka, darasa zima linapotea. Kwa zoezi la ngeli ni karatasi nzuri sana. Kwa ushairi, hapana.

Haiku, shairi la Kijapani la mistari mitatu, ina nafuu, kwa sababu mizani zake 5, 7, 5 zinahesabika kwa Kiswahili bila ubishi. Ila maneno yetu ni marefu. "Wanafunzi" peke yake ni mizani nne kati ya tano za mstari wa kwanza. Haiku nzima ni mizani 17, inazidi mshororo mmoja wa tarbia kwa mizani moja tu, na kwa kuwa haina vina, watoto huandika sentensi moja na kuikata mara tatu. Akrostiki, ile ya kuandika jina kwenda chini, ni ya kuwachangamsha tu. Asha na Tatu wanapata Anapenda, Tunakula na kadhalika, kwa sababu sentensi zetu huanza na viambishi vya nafsi. Mwenye jina linaloanza na G au R anakaa akitafuna penseli.

Wenye kupenda mashairi huru watanuna kwamba miraba inawafunga watoto. Kwa mtu mzima hoja hiyo ina uzito. Kwa mtoto ambaye mtihani utamuuliza mizani ni ngapi na vina ni vipi, na ambaye bado anadhani shairi ni habari iliyoandikwa kwa mistari mifupi, tunaona mipaka inampa pa kuanzia.

Darasa la watoto sitini halihitaji madaftari sitini. Madaftari 15 yanatosha, moja kwa watoto wanne, kila mmoja mshororo wake. Bila tahadhari watatoka na mishororo minne isiyojuana, mmoja paka, mwingine mpira. Kwa hiyo vina na kibwagizo vikubaliwe na kikundi kwanza, kwa sauti, na vile viswali vinne vya pembeni vigawiwe, mmoja kwa kila mtoto. Aliyepewa cha nne atakuwa ndiye mwandishi wa kibwagizo na ndiye atakayepiga makofi wenzake wakisoma. Ratiba inayoenea ni vipindi vinne vya dakika 40: cha kwanza silabi, cha pili vina na kibwagizo, cha tatu rasimu, cha nne kughani na kurekebisha. Cha nne kisifutwe hata kama muhula unabana. Mshororo wenye mizani 15 uliopita kwenye macho ya watu watatu hukamatwa na sauti mara unapoimbwa.

Wakitaka ubeti wa pili, waachie vina vibadilike kwenye mishororo mitatu ya kwanza na kibwagizo kibaki kilekile, yaani ukaraguni. Mtiririko, vina vilevile shairi zima, unahitaji benki kubwa ambayo mtoto wa darasa la tano bado hana.

Kama duka la vifaa vya shule halina ya milimita 10, usinunue ya 5 kwa kukosa. Chukua karatasi ya A4, ilaze, chora kwa rula safu 17 za milimita 15 kila moja na mistari minane, paka safu ya 9 kivuli, kisha itoe fotokopi. Safu hizo zinakula milimita 255 kati ya 297, pembeni inabaki nafasi ya jina na ya maswali manne. Kurasa zitatapanyika, hilo ndilo tatizo lake, na kwa hesabu ya muhula mzima fotokopi zinaweza kuzidi bei ya madaftari. Shule yenye kompyuta inaweza kutumia programu ya majedwali kwa namna hiyohiyo, silabi moja kwa kisanduku, na kuhamisha kipande kizima bila kufuta. Ila mtoto asiyejua kuchapa atatumia kipindi chote akitafuta herufi.